Kuta za inchi sita na viboksi vitatu: nilivyohangaika na wifi ya nyumbani Nzuguni

Kwetu sehemu ya kufanyia vikao vya mtandaoni ilikuwa moja tu, mlangoni pa choo cha wageni. Sitanii. Hapo ndo laptop ilikuwa inashika mtandao bila wewe kukaa sebuleni katikati ya katuni za watoto, kwaiyo ukimkuta baba watoto kasimama pale juu shati limenyooshwa pasi chini bukta, ujue anaongea na bosi wake. Mwenye haja zake anasubiri kikao kiishe au anaenda choo cha uani.

Na jamani nikiandika wifi naongelea mtandao, sio dada wa mume. Yule wifi yangu mwenyewe hana shida ya kufika popote, anafika mpaka kwenye masufuria jikoni.

Nyumba iko Nzuguni, tumeijenga kidogokidogo tangu tuhamie Dodoma kipindi kile ofisi za serikali zinahama kutoka Dar, na imejengwa kama zinavyojengwa nyingi huku, tofali za inchi sita, plasta ndani na nje, linta ya zege yenye nondo inazunguka nyumba nzima, dari ya jipsamu halafu bati. Vyumba vinne, korido ndefu katikati, nyuma kuna uwanja wenye mwembe na banda la uani la vyumba viwili anakoishi mtoto wa dada yangu anayesoma chuo cha UDOM. Siku faiba, ile intaneti ya waya wa nyuzi za kioo, inaingia fundi wa kampuni alitoboa ukuta wa mbele kwa sababu nguzo iko upande huo, akafunga kiboksi chake nyuma ya TV, akakipiga picha, akasepa. Mimi chumba ninachofanyia kazi kiko mwisho wa korido, kona ya pili kabisa ya nyumba. Natunzaga vitabu vya mahesabu vya maduka ya watu usiku baada ya kutoka ofisini Mtumba, kwaiyo saa mbili mpaka saa tano usiku ndo muda ambao intaneti nahitaji, na ndo muda ambao ilikuwa inakufa.

Kosa la kwanza lilikuwa la hela. Nikapiga simu huduma kwa wateja nikalalamika mtandao uko slo, dada wa watu kwa sauti nzuri kabisa akaniambia kifurushi changu ni kidogo, nipandishe. Nilikuwa na megabiti 20 kwa sekunde, nikapanda 50, bili ya mwezi ikakaribia mara mbili. Nikaja kupima spidi chumbani kwangu, megabiti 2. Nikarudi sebuleni nikakaa mbele ya TV, 48. Yaani hela yote niliyoongeza ilikuwa inafika sebuleni inakaa pale na watoto. Huku Dodoma mtu ataelewa nikisema hivi: nilinunua simtanki kubwa zaidi wakati bomba linaloingia jikoni lina kipenyo cha mrija wa soda. Na yule dada hakunidanganya kwa nia mbaya, yeye kwenye kompyuta yake anaona laini yangu inatoka safi, kuta zangu hazioni.

Kosa la pili, ekstenda. Hizi ndogo za kuchomeka kwenye soketi zenye antena mbili kama masikio ya sungura, kazi yake kupokea wifi na kuirusha mbele. Nilinunua elfu arobaini na tano mjini, nikaja nikaichomeka wapi? Chumbani kwangu, si ndo kwenye shida. Simu ikaonyesha mnara umejaa, nikafurahi, nikaita watu waje waone. Nikafungua kazi, inazunguka tu. Ilinichukua wiki kuelewa kwamba ile minara kwenye simu inakuonyesha ukaribu wako na kile kiboksi kilicho karibu na wewe, haikwambii hicho kiboksi chenyewe kinapata nini kutoka kule mbele. Ekstenda yangu ilikuwa imekaa mahali ambapo na yenyewe inasikia kwa shida, ikawa inarudia kwa sauti kubwa kitu ambacho haijakisikia vizuri. Halafu hizi za bei ndogo zinapokea na kutuma kwa redio ileile moja, haziwezi kufanya vyote kwa wakati mmoja, kwaiyo hata ukiiweka sehemu nzuri spidi inakatika karibu nusu. Nilimpa dada yangu wa Kondoa, yeye nyumba yake ndogo inamfaa sana tu.

Aliyenifumbua macho ni huyu mtoto wa dada. Alikuja siku moja kaninunia, "Mamdogo mimi huku uani nanunua bando kila siku na ndani kuna faiba." Nikamwambia sasa wewe si ndo msomi, nisaidie. Akanishusha kwenye simu programu ya bure ya kupima nguvu ya wifi, tukazunguka nyumba nzima mimi nashika simu yeye anaandika kwenye daftari. Namba zinakuja na alama ya kutoa, na kadiri inavyokaribia sifuri ndo nguvu inavyokuwa kubwa. Sebuleni kutoa 38. Mlangoni pa choo kutoa 62, kumbe baba watoto alikuwa na akili zake. Chumbani kwangu kutoa 80. Uani kwake kutoa 88, na hapo amesimama dirishani. Akaniambia kikao cha video kinataka angalau kwenye kutoa 67 hivi, ukishuka chini ya hapo sauti inaanza kukatakata, ukifika 80 hapo unaomba Mungu.

Tukachora ramani ya nyumba kwenye karatasi tukapiga mstari kutoka kwenye TV mpaka kwenye meza yangu. Mstari unapita kuta nne, friji, na kabati la nguo lenye kioo mlango mzima. Kumbe kioo cha kujitazamia kina madini nyuma na madini yanarudisha mawimbi, na friji ndo usiseme, ni sanduku la bati. Halafu kuna ile habari ya masafa mawili, gigahezi 2.4 inayofika mbali na kupenya ukuta kiasi ila spidi ndogo, na gigahezi 5 yenye spidi ila ukuta wa pili tu imechoka. Kiboksi cha kampuni kilikuwa na jina moja kwa masafa yote mawili, kwaiyo chumbani simu ilikuwa inaangukia kwenye 2.4 ambayo mtaa mzima tunagombania. Ile programu ilionyesha wifi za majirani tisa, sita zote ziko chaneli moja. Kwenye 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11, na wengi wetu tumerundikana kwenye ya 6 kama abiria wa daladala moja wakati nyuma kuna mbili zenye nafasi.

Basi ndo nikaingia kwenye habari ya meshi. Kwa asiyejua, ni viboksi viwili vitatu unavisambaza nyumbani, vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe, vyote vinatumia jina moja na neno siri moja, ukitembea na simu inahamia kwenye kiboksi cha karibu bila wewe kuchagua chochote. Tofauti na ekstenda ni kwamba hivi vinajuana, vinajua nani anapitia kwa nani, unavisimamia vyote kwenye programu moja ya simu.

Dukani nikakutana na kijana anayejua kuuza. Akanitolea boksi la Wi-Fi 7 redio tatu bei kama ya pikipiki iliyotumika. "Dada hii ndo habari ya mjini." Nikamuuliza kaka, intaneti yangu ni megabiti 50, hii ya elfu ngapi hizo itanisaidia nini? Akacheka. Nilikuwa nimeshasoma kidogo usiku wa jana yake kwaiyo sikuingia kichwakichwa. Namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi ni za kujumlisha. Ukiona AC1200 ujue wamechukua 300 ya gigahezi 2.4 wakaongeza 867 ya gigahezi 5 halafu wakazungusha juu, na simu yako moja haiwezi kupata zote, na hiyo yenyewe ni ya kwenye karatasi, ya nyumbani ni nusu yake ukiwa na bahati. Kwa kifurushi changu AC1200 inatosha na inabaki. Redio tatu ni kitu kizuri kweli kama nyumba haina namna ya kupitisha waya, maana redio moja inaachwa kwa ajili ya viboksi kuongea vyenyewe na mbili zinabaki kwa ajili ya watu. Ila kama waya unaweza kupita, hela hiyo nunua waya.

Kitu nilichokuwa nakiangalia mimi ni matundu ya waya nyuma ya kiboksi. Hapa wengi wanapigwa bila kujua. Kwenye familia moja tu ya viboksi vya meshi, Deco za TP-Link, E4 na M4 ukiziweka mezani utasema mapacha, zote AC1200, ila E4 matundu yake ni ya megabiti 100 na M4 ni ya gigabiti, yaani megabiti 1000. Tenda Nova nazo hivyohivyo, MW3 na MW6. Leo na kifurushi cha 50 hutaona tofauti, ila kiboksi cha wifi kinakaa miaka, na tofauti ya bei ilikuwa hela ya mbuzi mdogo. Nikachukua seti ya vitatu yenye gigabiti. Angalia na plagi pia, kuna seti zinaletwa kutoka Marekani zina pini mbili bapa, utaishia kununua adapta tatu na kila moja inalegea kwenye soketi zetu.

Kuwasha ilikuwa rahisi mpaka nikahisi kuna kitu nimesahau. Kiboksi cha kwanza nikakiunga na kile cha kampuni kwa ule waya mfupi unaokuja nao, programu ikanipeleka hatua kwa hatua, dakika kumi na tano viboksi vitatu viko hewani. Ujanja mmoja ambao najipongeza, jina na neno siri niliweka vilevile vya zamani, kwaiyo TV, simu za watoto, kila kitu kikaingia chenyewe bila mimi kuitwa kila chumba.

Ila ujanja huohuo ndo ulioniletea balaa la wiki ya kwanza, maana sikuzima wifi ya kile kiboksi cha kampuni. Ikawa kuna wifi mbili zenye jina moja na neno siri moja, simu zinang'ang'ania ile mbovu. Baba watoto akaanza, "Hela yote hiyo na bado niko chooni?" Mtoto wa dada ndo akagundua, tukaingia kwenye mipangilio ya kiboksi cha kampuni tukazima redio zake zote mbili kibaki kazi ya kuleta faiba tu. Na tukabadilisha na lile neno siri la kuingilia mipangilio ambalo lilikuwa admin admin tangu siku ya kwanza, aibu.

Hapohapo tukakuta kitu kingine. Kile kiboksi cha kampuni ni rauta, yaani ndo kinachogawa anwani za mtandao kwa vifaa vya nyumbani, na cha kwangu cha kwanza nacho kilikuwa kimejiweka kama rauta, kwaiyo rauta mbili zimepandana. Kuangalia video huoni shida, ila printa iliyokuwa imeungwa kwa waya kwenye kiboksi cha kampuni laptop yangu ilikuwa haiioni vizuri, na mtoto wa dada mchezo wake wa mpira wa mtandaoni ulikuwa unamkatalia kucheza na wenzake. Tukabadilisha meshi ikawa akses pointi, yaani ya kurusha wifi tu, ugawaji wa anwani ukabaki kwa kiboksi cha kampuni. Ila kwenye hii yangu ukiweka hivyo ile sehemu ya kufungia watoto intaneti usiku inapotea. Nikapima nikaona bora hivyo. Tableti nainyang'anya kwa mkono saa mbili na nusu, haihitaji programu.

Sasa tuje kwenye kuviweka, na hapa nilirudia kosa lilelile la ekstenda kama mtu asiyefundishika. Kiboksi cha pili nikakipeleka chumbani kwangu. Cha tatu uani. Cha chumbani kikawaka taa ya kijani ya kunidanganya, cha uani chekundu. "Mamdogo hiki kinawaka nyekundu." Nikamwambia kisogeze dirishani. Bado nyekundu. Kiboksi hukipeleki pale ambapo mtandao umekufa, unakiweka katikati ya njia, mahali ambapo bado kinasikia vizuri kile cha kwanza. Nikakirudisha cha pili katikati ya korido, kwenye kijimeza cha simu, spidi chumbani ikapanda 18 kutoka 2. Nilikaribia kulia. Cha uani kikapata taa, ila kinapitia kwa cha pili, halafu cha pili kinapitia kwa cha kwanza, kila mruko unakula, kule kinafika 5 au 6 na jioni kinakatika.

Fundi umeme wetu akaja na wazo. "Dada, hiki cha korido tukipandishe juu ya dari, mawimbi yatashuka vizuri na watoto hawatakichezea." Mantiki ilinikaa vizuri, tukakipandisha. Ilikuwa Novemba. Wanaoishi Dodoma wameshacheka. Kila siku kuanzia saa saba mchana wifi inazima na kuwaka, inazima na kuwaka, jioni inapona, na mimi nalaumu kampuni, nalaumu umeme, nimepiga simu mara tatu. Jumamosi moja saa tisa nikapanda ngazi mwenyewe nikafungua kile kimlango cha dari. Joto lililonipiga usoni ni kama nimefunua jiko la mkaa, na kile kiboksi nilikishika nikakiachia, cha moto kama chapati inayotoka kwenye frampeni. Juu yake vumbi jekundu limekaa laini kama unga, mashimo yote ya kupumulia yamezibwa. Nikakishusha nikakipuliza kwa ile pampu ya baiskeli ya mwanangu. Hakikufa, namshukuru Mungu, ila tangu siku hiyo hakuna kitu cha umeme cha kwangu kitakachokaa chini ya bati. Sasa hivi vyote vitatu viko juu ya vishelfu usawa wa kichwa, nje peupe, sio nyuma ya TV wala ndani ya kabati, na kila Jumamosi vinapanguswa kama vyombo.

Kilichomaliza ugomvi ni waya. Nilikuwa naukwepa kwa sababu nilifikiri kazi kubwa, kutoboa kuta, hela ya fundi, kumbe ndo ulikuwa rahisi kuliko yote niliyofanya. Kiboksi cha kwanza mpaka cha pili mita 14, cha pili mpaka uani mita 22, na waya wa mtandao unaenda mpaka mita 100 bila shida. Viboksi vikishaungwa kwa waya vinaacha kupiga kelele angani vyenyewe kwa vyenyewe, redio yote inabaki kwa watumiaji.

Fundi akaja na roli lake lililobaki kwenye kazi ya kamera. Mtoto wa dada akaomba kipande, akachukua wembe akakwangua ule uzi wa ndani. Juu rangi ya shaba, chini mweupe. Alumini iliyopakwa shaba. Fundi akasema zote zinafanya kazi, na ni kweli zinafanya, mpaka zikunjwe mara mbili tatu kwenye kona zikatike ndani kwa ndani. Nikamwambia kaka samahani, mimi nanunua mwenyewe. Nikanunua Cat6 ya shaba tupu kwa mita, ya kwenda uani nikachukua ile yenye ganda jeusi la nje maana hii nyeupe ya ndani jua linaipukutisha.

Kichwa cha waya kina nyaya nane na mpangilio wake, nilikariri kama sala: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Fundi akabana vichwa, tukachomeka tesita ya kupimia waya, taa zikaanza kukimbia moja, mbili, tatu, nne, tano, sita… nane. Ya saba haijawaka. "Dada hii inapiga kazi, ona wifi imekuja." Na kweli ilikuja. Ila gigabiti inatumia nyaya zote nane, ukikosa mojawapo katika zile mbili za kahawia au zile mbili za bluu laini inashuka yenyewe mpaka 100 bila kukwambia. Nikamwambia naomba ukate ubane tena. Akaniangalia vile mafundi wanavyotuangaliaga sisi wanawake tukisema kitu. Akakata, akabana, taa nane zikawaka. Nikampa soda.

Ya uani nilitaka ipite hewani, ifungwe kwenye nguzo ya kamba ya nguo, imeisha hiyo. Aliyekataa ni mtoto wa dada, akasema waya wa shaba unaoning'inia kati ya majengo mawili kipindi cha radi za Desemba na Januari ni kuita msiba, radi si lazima ikupige, ikipiga karibu tu umeme unapita kwenye waya unachoma vya pande zote mbili. Kuuzika hakuondoi hatari yote, ila unapunguza. Basi nikamwambia aliyesema ndo anayechimba. Alichimba siku mbili kwa sururu, ardhi ya Nzuguni kiangazi ni kama umechimba barabara, futi moja na nusu kwenda chini, tukapitisha kwenye bomba la PVC, tukaziba ncha panya wasiingie. Mikono ilimtoka malengelenge lakini usiku huo alipima spidi chumbani kwake akanitumia picha, 46. Chini kaandika tu "mamdogo".

Kwangu 47. Laptop iko mezani, nimekaa kwenye kiti, nina chai. Kikao cha kwanza nilichofanya mle ndani nilifungua video bila kuombwa.

Kuna vidogovidogo vimebaki. Kamera ya getini ilikataa kuingia siku tatu, kumbe inaelewa gigahezi 2.4 tu na simu niliyokuwa naitumia kuiunga imekaa kwenye 5, nikafungua mtandao wa wageni nikauwekea 2.4 peke yake, ikaingia mara moja, nikaiacha hukohuko, na wageni wanaokuja kwenye shughuli nawapa huohuo, neno siri la ndani libaki la ndani. Umeme ukikatika viboksi vyote vinalala, kwaiyo nimenunua kiyupiesi kidogo, kibetri cha akiba cha volti 12 kinacholisha kiboksi cha faiba na cha kwangu cha sebuleni, kinashika masaa matatu hivi. Angalia kwanza volti zilizoandikwa kwenye adapta zako, kile changu kina matundu ya 9, ya 12 na makubwa zaidi, yote yanafanana, ukikosea tundu umechoma. Uani hakifiki, mwenyewe kasema atatumia bando siku hizo. Na mara mbili tumelaumu mtandao nyumba nzima, watu wanazima na kuwasha, kumbe LUKU imeisha.

Simu nazo zina ukaidi wao. Nilidhani kiboksi ndo kinaamua simu ihamie wapi, kumbe kinaweza kushauri tu, anayeamua ni simu. Ya baba watoto inatoka sebuleni inaingia chumbani bado imeng'ang'ania ya sebuleni mpaka aizime wifi aiwashe. Nikajaribu kupunguza nguvu ya redio ya cha sebuleni, kwenye programu yangu hiyo sehemu haipo. Tumeishi nayo.

Mama mkwe alikuja kutoka Kongwa mwezi wa pili kukaa na wajukuu. Yeye kazi yake jioni ni kukaa chini ya mwembe kwenye kigoda akiongea na wanae kwa video, na chini ya mwembe wifi inayumba, majani mabichi yana maji na maji yananyonya mawimbi. Nikaanza kupiga hesabu ya kiboksi cha nne, cha nje, kisichoingia mvua. Nikamwambia, "Mama, wiki ijayo nitakuwekea na huku." Hakunijibu. Kesho yake jioni narudi kazini nakuta kigoda kimehama hatua kama sita, kiko chini ya dirisha la banda la uani, anacheka na mtu wa Morogoro picha haikatiki hata kidogo. Nikatoa simu nikapima pale alipokaa, kutoa 57. Nikamuuliza mama umejuaje kama hapa ndo pazuri.

"Si wanakaa hapa hawa vijana jioni na masimu yao," akasema. "Nimewaondoa."